Nani Alibeba Mchele

Mzee Othmani Faraji alishona nguo za watu pale Soko Matola, Mbeya, kwa miaka arobaini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumkabidhi mteja suruali kabla hajaigeuza ndani nje na kuupitisha mshono wote chini ya kidole gumba. Pasi, alikuwa akisema, huweza kulidanganya jicho, lakini kidole haikiwezi. Kusoma na kuhesabu sawasawa alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni, akiwa tayari na mke na mtoto wa kwanza. Pengine ndiyo maana kila alichokisoma alikisoma kwa heshima, kama mgeni anavyokula nyumba ya watu, asiache punje sahanini.

Macho yalipoanza kulikataa tundu la sindano, cherehani akamwachia mwanawe, naye akabaki nyumbani Sinde na siku ndefu zisizo na kazi. Ndipo alipokutana na mafumbo ya Mwalimu Evarista.

Alikutana nayo kwenye duka la fotokopi karibu na stendi, katika kijarida cha kurasa nne kilichotoka Iringa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na jedwali la visanduku vitupu, na chini yake sentensi sita. Watu wanne, vijiji vinne, mizigo minne. Kila mtu na kijiji chake na mzigo wake, hakuna wawili wanaochangia. Zile sentensi sita ndizo madokezo. Moja ilisema Yohane hakutoka kijiji cha mwenye maharage, nyingine ikasema mwenye mahindi alifika baada ya Yusta, na kadhalika. Kazi ya msomaji ni kutia alama ya kosa katika kila kisanduku kisichowezekana, mpaka kimoja kibaki peke yake, na hicho akitie vema. Kubahatisha ni marufuku. Kila vema lazima liwe na sababu unayoweza kumweleza mtu mwingine akakubali.

Othmani alikaa na fumbo lile siku tatu. Siku ya nne, baada ya swala ya alasiri, vema la mwisho lilikaa mahali pake. Hakuridhika. Alifuta jedwali lote, akaficha dokezo moja kwa kipande cha karatasi, akaanza upya, ili aone kama mtunzi ameweka kitu cha ziada. Fumbo likaanguka, halikufunguka. Akaficha jingine. Likaanguka vilevile. Alijaribu yote sita, na kila alipolitoa moja, nyumba nzima ilikwenda chini. Hapakuwa na uzi uliozidi wala uliopungua.

"Huyu mtu," alimwambia mwanawe, "angekuwa fundi cherehani, mimi ningefunga duka."

Akamwandikia barua. Alimweleza njia aliyoitumia, hatua kwa hatua, na mwisho akataja, kwa adabu, kwamba dokezo la nne lingeweza kukatwa maneno mawili na bado likafanya kazi yake. Jibu lilikuja baada ya wiki, kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki. Mwalimu Evarista alikubali kuhusu yale maneno mawili. Pamoja na barua aliweka fumbo jipya ambalo halijaonwa na mtu, na chini yake ameandika: *Lihakiki.*

Miaka mitatu ikapita hivyo, bahasha zikipanda na kushuka barabara kuu baina ya Iringa na Mbeya. Walikuwa wameonana mara mbili tu. Othmani alijua kwamba mwalimu alikuwa mama wa miaka sitini na sita, Mkatoliki, anaishi peke yake Kihesa, Iringa, na kwamba kabla ya kustaafu alipanga ratiba ya vipindi katika shule ya sekondari kwa miaka ishirini na miwili. Walimu thelathini na mmoja, madarasa kumi na sita, maabara moja. Na katika miaka hiyo yote hakuna mwalimu aliyejikuta ana vipindi viwili kwa saa moja. Aliipanga kwa penseli, juu ya meza ya kulia chakula, kila Januari. Walimu wenzake walidhani ni kazi ya karani. Othmani, aliposimuliwa, alibaki ameshika kikombe chake bila kunywa. Alijua anaongea na bingwa.

Sasa mwalimu alikuwa anatoa kitabu. Mafumbo thelathini, yote ya mkono wake, na juu ya jalada ahadi hii: *Kila fumbo lina jibu moja tu, na halidai ujue chochote ila kilichoandikwa.* Kila fumbo lilipita kwanza kwa Othmani. Alilifungua kwa penseli, na aliporidhika aliandika chini kwa wino, "Nimelihakiki. Jibu ni moja. O. Faraji." Kwa kazi hiyo mwalimu alimwahidi kitu kimoja, naye hakutaka kingine. Ukurasa wa pili wa kitabu ungekuwa na mstari usemao: *Mhakiki: Othmani Faraji, Mbeya.*

Jina lake kitabuni! Mtu aliyejifunza herufi akiwa na ndevu. Hakulisema sana jambo lile mbele za watu, lakini asubuhi akinyoa aliliona kwenye kioo.

Zilipobaki siku kumi kitabu kichapwe, dada yake, Mwanakhamisi, alikuja kutoka Tanga kumtembelea. Mwanakhamisi alikuwa amemzidi miaka minne, na ingawa wote wawili walikuwa wazee alimtendea kama siku ile alipomfundisha kufunga msuli. Baridi ya Mbeya ilimfungia ndani na khanga tatu na blanketi, na kwa kuchoka kukaa bure akadai aonyeshwe "hayo majedwali yako yanayokunyima usingizi". Othmani alifurahi kuliko alivyoonyesha. Alimpa nakala ya fumbo la thelathini, la mwisho katika kitabu, ambalo kwa maoni yake lilikuwa jepesi lakini zuri kama kofia ya kiua iliyodariziwa kwa mkono.

Lilihusu wanawake wanne walioshuka stendi ya Iringa: Nasrin, Faustina, Tumpe na Devota. Mmoja katoka Nyololo, mmoja Tukuyu, mmoja Chimala, mmoja Ruaha Mbuyuni. Mizigo yao viazi, ndizi, mchele na vitunguu. Mwanakhamisi alivaa miwani, akapewa penseli, akainamia jedwali saa nzima. Othmani alipochungulia aliona kazi safi: Nasrin wa Nyololo ana viazi, Faustina wa Tukuyu ana ndizi. Dokezo la sita, *Tumpe anatoka Chimala*, nalo alishalitumia, kwa hiyo Devota kapata Ruaha Mbuyuni. Palibaki visanduku vinne tu. Lakini penseli ilikuwa imesimama.

"Nimefika mwisho wa njia," alisema Mwanakhamisi.

"Dada, umemaliza! Bado kutia vema tu. Tumpe mchele, Devota vitunguu."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini Tumpe awe na mchele? Mbona asiwe nao huyu Devota?"

Othmani alicheka. "Tumpe katoka Chimala, dada. Chimala! Huko Mbarali, mpunga mpaka upeo wa macho. Na vitunguu ni Ruaha Mbuyuni, mtoto wa darasa la pili anajua."

"Mtoto wa darasa la pili wa wapi?"

"Wa hapa."

"Mie si wa hapa." Akaigeuza karatasi, akatazama hata nyuma yake. "Hebu nionyeshe, Othmani. Nionyeshe palipoandikwa ya kuwa Chimala kuna mpunga. Wewe si ndiye uliyeniambia usijue ila kilichoandikwa? Ama hiyo sheria ni ya wageni, wenyeji mmesamehewa?"

Othmani alinyoosha mkono. Aliichukua karatasi. Akayasoma madokezo yote sita kwa kidole, polepole, kama anayetafuta sindano iliyoanguka mkekani. Nasrin, ndiyo. Faustina, ndiyo. Tumpe, Chimala. Kisha kimya. Hakuna lililosema nani alibeba mchele. Tumpe mchele na Devota vitunguu, sawa. Tumpe vitunguu na Devota mchele, sawa vilevile. Majibu mawili, na juu ya jalada ahadi ya jibu moja.

Na chini ya ukurasa, kwa wino, jina lake.

"Umepauka," alisema Mwanakhamisi. "Nimekosea?"

"Hujakosea, dada."

Alijua jinsi ilivyotokea. Mwalimu alikulia kando ya barabara ile kuu ya Mbeya. Kwake Chimala na mchele vilikuwa neno moja. Kwake yeye pia. Wasomaji wa kijarida, kutoka Makambako mpaka Kyela, wote wangetia vema palepale bila kusita, wala wasingejua kwamba wamebahatisha. Angekaa kimya, nani angegundua? Mtu wa Tanga, Mtwara au Kigoma, mmoja, akiwa chumbani kwake, angekwama na kujiona mjinga. Hilo ndilo lililomchoma. Alimkumbuka mtu mmoja katika darasa la jioni, fundi uashi, aliyeacha masomo kwa sababu swali la hesabu lilikosewa kitabuni naye akaamini kosa ni la kichwa chake.

Akampigia simu mwalimu. Kabla hajamaliza salamu, Evarista alikwisha kuanza kwa furaha: "Mzee Othmani! Leo Shedrack wa kiwanda cha chapa kanionyesha ukurasa wa pili. Jina lako limekaa katikati, peke yake katika mstari. Limependeza kweli."

"Ahsante, Mwalimu," alisema Othmani. Akakohoa. "Nilitaka kusema... nakuja huko Jumatano. Tutaongea."

Mwanakhamisi alikuwa anamtazama. "Umekuwa kama mtoto aliyevunja mtungi," alisema.

"Nikimwambia, ataliondoa jina langu. Nami nitamwona ana haki."

"Na usipomwambia?"

Othmani alikwenda kutafuta kofia yake safi.

Jumatano alipanda basi la asubuhi, karatasi ya fumbo la thelathini ikiwa ndani ya koti. Chimala basi lilisimama kidogo, na akina mama wakaja madirishani na beseni zao. Mmoja aliinua wavu wa vitunguu vyekundu, vinene, vikavu, mpaka usawa wa uso wake.

"Chukua, baba. Havina maji hivi, vinakaa miezi."

"Vya Ruaha Mbuyuni?" aliuliza Othmani.

Mama yule alicheka akamgeukia mwenzake. "Eti vya Ruaha! Baba, hivi vya hapa hapa. Tukishavuna mpunga tunapanda vitunguu, maji ya mfereji si yapo? Wewe nunua, ukafike nyumbani uwaambie Chimala wana vitunguu."

Othmani alinunua ule wavu, akaupakata mpaka Iringa. Barabara nzima, Makambako, Nyololo, Mafinga, alikuwa akiwaza jambo moja: hata kile ambacho mtoto wa darasa la pili anakijua, si kweli kamili.

Mwalimu Evarista alimpokea mlangoni kwa "Kamwene", salamu ya kwao, akachukua vitunguu, akashukuru, akamkalisha karibu na jiko la mkaa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sweta lenye mifuko, na katika kila mfuko penseli. Othmani hakutaka chai kwanza. Aliiweka karatasi mezani.

"Mwalimu, fumbo la thelathini lina majibu mawili. Na mimi nimelitia sahihi."

Evarista alivuta kiti, akachora jedwali jipya nyuma ya bahasha, akalifanya fumbo lake mwenyewe kuanzia mwanzo kana kwamba limeletwa na mtu baki. Othmani alimtazama. Mkono wake ulikwenda bila haraka na bila kusimama, kosa, kosa, kosa, vema, mpaka ulipofika kwenye vile visanduku vinne. Hapo ukasimama kama ulivyosimama mkono wa Mwanakhamisi. Akaiweka penseli chini.

"Nani aligundua?" aliuliza.

Hapa palikuwa na mlango mdogo wa kutokea, na Othmani aliuona. "Dada yangu," alisema. "Yuko kwangu, katoka Tanga. Mimi nilimcheka."

"Ulimcheka."

"Nilimwambia mtoto wa darasa la pili anajua."

Evarista aliinuka, akaleta kurasa alizopewa na Shedrack zikiwa zimeshonwa pamoja kwa pini. Akafungua ukurasa wa pili. *Mhakiki: Othmani Faraji, Mbeya.* Akapitisha mstari mmoja wa penseli juu ya jina, mwembamba, wa rula.

"Usinielewe vibaya, mzee wangu," alisema. "Kosa ni langu kabla halijawa lako. Ila kama la thelathini lilitupita sote wawili, sina uthibitisho wa yale ishirini na tisa. Na wewe huna. Shedrack anazitaka kurasa Ijumaa asubuhi. Kesho tuna mchana mmoja."

"Ni haki," alisema Othmani. Sauti ilitoka sawa.

Kisha akaona jambo ambalo alilisimulia baadaye kila alipopata msikilizaji. Fumbo la thelathini lilikuwa limekwisha kupangwa kiwandani. Dokezo la sita lilikuwa na mstari mmoja tu, na kuongeza dokezo la saba kungesukuma jedwali lote nje ya ukurasa. Mwalimu alihitaji sentensi moja ifanye kazi mbili: iseme nani katoka Chimala na nani alibeba mchele. Othmani alipendekeza ile iliyo karibu: *Tumpe anatoka Chimala, naye alibeba mchele.*

"Hiyo si dokezo, hiyo ni jibu," alisema Evarista. "Ukimpa msomaji chakula kilichotafunwa, umemtukana." Akageuza penseli, akaigonga gonga mezani kwa upande wa kifutio. "Hivi vitunguu umevinunua wapi?"

"Chimala."

"Chimala!" Macho yakamng'aa. Akainama, akaandika, akafuta neno, akaandika tena. Kisha akamsogezea.

*Mwenye mchele hakutoka Chimala, wala si Tumpe.*

Othmani aliipitia. Si Tumpe, kwa hiyo mchele ni wa Devota. Mwenye mchele hakutoka Chimala, kwa hiyo Devota katoka Ruaha Mbuyuni. Tumpe anabaki na Chimala, na vitunguu. Jibu moja, halina mwenzake. Na zaidi ya hapo, msomaji wa nyanda hizi atakayetegemea anachokijua badala ya kilichoandikwa, atajikwaa mahali palepale walipojikwaa wao. Kilichokuwa tundu mwanamke yule amekigeuza kuwa mfuko. Maneno saba.

"Mwalimu," alisema Othmani, "wewe ni mtu hatari."

"Kunywa chai," alisema Evarista. Lakini alitabasamu.

Usiku ule alilala kwa jamaa wa msikitini Mlandege, akampigia dada yake simu.

"Jina limefutwa," alisema.

"Kwa ajili yangu mie? Si ungeninyamazia tu, Othmani! Bibi kizee wa Tanga ana nini na Chimala?"

"Usiseme hivyo, dada. Na ujue, mchele kabeba Devota."

"Devota! Na ulivyonifokea kuwa ni wa Tumpe!"

Alhamisi alifika Kihesa na daftari la mistari. Njiani alikuwa amewaza hivi: kichwa chake kinajua mambo mengi mno. Kila anaposoma Tukuyu kinaona ndizi, kila anaposoma Mufindi kinaona chai, na mkono hutia vema kabla akili haijauliza. Huwezi kukiamuru kichwa kisahau. Lakini unaweza kukinyima chakula. Basi akaandika kila fumbo upya bila jina hata moja. Watu aliwapa rangi za uzi: Nyekundu, Kijani, Njano, Samawati. Vijiji vikawa namba, mizigo ikawa herufi. Fumbo likabaki mifupa mitupu. Huwezi kujua lolote kuhusu Kijani wa namba tatu mwenye herufi b.

Evarista alipoona daftari lile aliegemea ukuta. "Miaka ishirini na miwili nimepanga ratiba," alisema, "sikuwahi kufikiria hili."

"Kitambaa cha maua huficha mshono mbaya," alisema Othmani. "Sisi tukitaka kumpima fundi tunampa kitambaa cheupe."

Alifanya kazi tangu saa mbili asubuhi. La kwanza, safi. La pili, safi. Mwalimu aliketi upande wa pili wa meza akihakiki yale yaliyoandikwa upya, asije Othmani akawa amekosea kunakili. La nane, la tisa, safi, na Othmani, ingawa jina lake halikuwapo tena, alijikuta anafurahia kama mtu anayepitisha mikono juu ya sufu nzuri. Maana bila majina wala vijiji uzuri wa kazi ulionekana zaidi, jinsi dokezo moja lilivyongojea jingine, jinsi kosa moja la pembeni lilivyofungua vema upande wa pili wa jedwali.

La kumi na mbili halikufunga.

Alilirudia. Njano na Samawati, herufi c na d. Hakuna kilichowatenga. Akalirudia mara ya tatu, kisha akafungua ukurasa wa mwalimu aone Njano ni nani na d ni nini. Wauza nyama wanne. Njano alikuwa Peter. Samawati alikuwa Othmani, jina ambalo mwalimu aliliweka kwa kumheshimu mhakiki wake. Herufi c ilikuwa kuku. Herufi d, nguruwe.

Othmani alitazama dari. Kisha mabega yakaanza kutikisika.

"Nini?" aliuliza Evarista.

"Mwalimu, karatasi yako inaniruhusu niuze kitimoto."

Evarista aliinyakua, akasoma, akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Yesu na Maria! Mzee Othmani, nisamehe. Sikuandika kwa kuwa... kwa kuwa nani angefikiria..."

"Ndiyo hilo! Hata mimi sikufikiria. Nililitia sahihi kwa wino!" Alicheka mpaka akavua kofia na kujifuta machozi. "Hakuna mtu toka hapa mpaka Tunduma ambaye angempa Othmani nguruwe. Wote tungebahatisha, na wote tungepatia."

Mwalimu alipopata pumzi alichukua penseli. Baada ya muda akasoma: "*Mwenye kuku alimwazima Peter kisu.* Kwa hiyo Peter si mwenye kuku. Kuku ni wako."

"Kisu changu kikakate nguruwe?"

"Basi mwavuli."

"Mwavuli sawa."

Walimaliza la ishirini na tisa jua likiwa bado juu ya mawe ya Gangilonga. Hapakuwa na jingine lililovuja. Evarista alikusanya kurasa, akazipiga mezani zilingane, na hakusema lolote kuhusu ukurasa wa pili. Othmani naye hakuuliza. Alijua kazi ya jana haifutwi kwa kazi ya leo.

Ijumaa asubuhi walikwenda pamoja kiwandani kwa Shedrack, chumba kirefu chenye harufu ya wino na mashine moja iliyokwisha kupashwa moto. Shedrack, kijana mwenye miwani, aliingiza masahihisho mawili kwenye kompyuta, la kumi na mbili na la thelathini. Kisha akafika ukurasa wa pili, akauona ule mstari wa penseli.

"Hapa niache wazi, Mwalimu? Au niweke nani?"

Evarista alichomoa penseli mfukoni mwa sweta akampa Othmani. "Jaza wewe," alisema. "Una madokezo yote. La thelathini aligundua nani, la kumi na mbili aligundua nani, na njia ya kuyapima yote kaitoa nani. Usibahatishe."

Othmani aliipokea ile penseli. Mistari ya vitabu vya watu wengine alikuwa ameisoma maisha yake yote. Aliona jinsi jina lake lingekaa tena mahali pake, peke yake, katikati, na hakuna ambaye angeshangaa. Aliwaza pia bibi mmoja mwenye khanga tatu, anayeigeuza karatasi aangalie nyuma. Akaandika, kwa mwandiko wake wa darasa la jioni, kila herufi imesimama wima:

*Wahakiki: Mwanakhamisi na Othmani Faraji, Mbeya.*

Evarista alisoma. "Umelitanguliza la dada."

"Yeye aliuliza kwanza. Mimi nilifuata."

Mwalimu alichukua penseli yake, akatia vema dogo pembeni mwa mstari, akampa Shedrack. Kijana aliandika, akavuta kiti karibu na kioo cha kompyuta, akatikisa kichwa.

"Majina yameingia, mzee, ila mstari umejaa. Mbeya imebaki nje. Nipunguze herufi ziwe ndogo?"

"Usiziguse herufi," alisema Othmani. "Iache Mbeya nje. Dada ni mtu wa Tanga. Angeona nimemwandikisha ukaazi bila kumuuliza, nisingelala kwa maneno yake."

Evarista alicheka kwa sauti, hata wafanyakazi wa upande wa pili wakageuka kutazama, na Shedrack akabonyeza kitufe.